Tulipoacha kusoma majina ya waliochangia paa

Katibu alikuwa amemaliza ukurasa wa ujenzi kwenye taarifa ya mwaka na watu wameshaanza kupiga makofi, ndo bibi mmoja upande wa akina mama akasimama bila hata kunyoosha mkono. Nje wingu lilikuwa limeshafunga mlima na kila mtu alikuwa anapiga hesabu ya kufika kwake kabla haijashuka. Bibi akasema:

"Bwana asifiwe. Mimi nashukuru paa halivuji tena, Mungu awabariki wote. Nauliza tu wanangu, tangu mmeanza kusoma watu majina hapa mbele, wenzangu wa benchi la nyuma wako wapi? Siku hizi nakaa peke yangu."

Akakaa.

Mwenyekiti akasema swali limepokelewa, tutalijadili kwenye mengineyo, na mengineyo yalipofika mvua ilikuwa imeanza kweli, mkutano ukafungwa kwa sala fupi. Hakuna aliyemdharau, hilo naomba lieleweke. Ni vile tu taarifa ilikuwa na sehemu ya mapato, sehemu ya matumizi, ubatizo, kwaya, vijana, na haikuwa na sehemu ya watu walioacha kuja.

Tangu siku ile swali la bibi halijaniacha. Nikiwa shambani naliwaza, nikiwa kwenye Hiace naenda Mbeya naliwaza, naanza kuandaa somo la darasa la vijana najikuta nimerudi kulekule. Nimeongea na mchungaji kabla ya kuandika hapa, akanipa baraka kwa sharti kwamba nisitaje kanisa wala jina la mtu. Kwa hiyo mtaniona nasema tu kanisa letu, la Kibaptisti, huku Rungwe.

## Mwaka wa paa

Anayeishi Dodoma au Singida anaweza asielewe kwa nini paa linaweza kula mwaka mzima wa kanisa. Huku kwetu mvua ikianza Novemba inakwenda hadi Mei, na hata baada ya hapo kuna manyunyu na ukungu wa baridi ambao haukauki kirahisi. Bati la zamani lilikuwa limekula kutu kwenye matundu ya misumari, maji yanapita pale yanaingia kwenye mbao, mbao inaoza polepole na wewe uliye chini huoni kitu mpaka siku moja unaona kenchi imelala. Tulikuwa na ndoo tatu za kudumu ndani ya kanisa. Watoto wa Shule ya Jumapili walishahamishwa kona mara mbili, na mvua ikipiga hasa mchungaji ananyamaza katikati ya mahubiri kwa sababu hakuna anayemsikia, kwaya inaingia na pambio mpaka ipungue.

Basi tukaamua. Siyo kuziba, kuezua lote.

Mbao tulitoa Mufindi kama watu wengi wa nyanda za juu huku, na hapo palikuwa na mjadala mkali kuliko nilivyotegemea, maana kuna mbao za paini zinauzwa bei nzuri ila bado mbichi, ukizipandisha juu zinajikunja zikikauka na bati linaachia. Fundi alisema wazi, mbao ikae kwanza, ipigwe dawa ya wadudu, ndo ipande. Wengine wakasema tunapoteza miezi ya kiangazi. Kwenye bati vilevile. Kwa wasiojua, geji ikiwa namba ndogo bati ni nene zaidi, yaani geji 28 ni nene kuliko geji 30, na tofauti ya bei ukiizidisha kwa jengo la kanisa siyo mchezo. Tulipiga kura. Ikapita 28. Nakumbuka kijana mmoja wa bodaboda ambaye hata sikujua kama ni mshiriki aliyepokelewa rasmi alisimama akaeleza habari ya geji vizuri kuliko kamati nzima, kumbe aliwahi kubeba zege na mafundi Mbeya.

Kuna kitu kilitokea pale na sitaki kukipita haraka. Sisi Wabaptisti hatuna askofu wa kutuamulia. Kanisa la mahali ndilo linalokaa, linaomba, linapiga kura, na kura ya mama anayeuza ndizi stendi ni kura moja na ya shemasi mwenye duka ni kura moja. Hii tunaisema sana kwenye madarasa ya ubatizo ila kwa miaka mingi kwetu ilikuwa maneno tu, vikao vinaendeshwa na watu walewale saba, wengine tunasema ndiyo tukachemshe chai. Paa lilitulazimisha kuongea. Watu ambao hawakuwahi kufungua mdomo walifungua. Watu waliokuwa hawasalimiani tangu kesi ya mpaka wa shamba walijikuta wameshika ncha mbili za ubao mmoja.

Na ile semina ya uamsho ya mwezi wa saba? Ilikuwa nzuri, mhubiri alitoka mbali, watu walilia, sina neno baya. Ila mi nikiulizwa uamsho wa mwaka ule ulianza wapi nitasema ulianza kwenye siku za kujitolea, Jumamosi, akina mama wanasomba mchanga na maji, vijana wanashusha bati moja moja, na mchungaji yuko juu ya ngazi bila viatu.

## Daftari la katibu wa ujenzi

Sasa fedha.

Ilianza kwa ahadi, kama kila mahali. Jumapili moja likatengwa kasha la bahasha, mtu anaandika jina na kiasi anachoahidi, anapeleka mbele, wanaombewa. Ilikuwa siku ya furaha kweli na watu waliahidi kwa imani. Halafu Jumapili zilizofuata, baada ya mahubiri na kabla ya matangazo, katibu wa ujenzi anasimama na daftari. Anasoma. Fulani, aliahidi laki mbili, ametoa laki na nusu, imebaki elfu hamsini. Makofi. Fulani, aliahidi laki moja, amemaliza. Makofi makubwa, na kwaya inapiga kipande.

Fulani, aliahidi elfu hamsini, ametoa elfu tano, imebaki elfu arobaini na tano.

Hapo makofi ni ya wachache na yanakatika katikati.

Huyu ndugu katibu namfahamu, ni mtu mwadilifu, shilingi haipotei mkononi mwake, na daftari lake ni safi kuliko madaftari mengi niliyoyaona maofisini. Alikuwa anasoma kwa nia njema kabisa, tena kuna watu walimwambia asome kwa sababu miaka ya nyuma kulikuwa na michango ya kinanda ambayo watu walitoa na hawakujua imeishia wapi. Kusomwa jina ilikuwa ndo risiti yako. Ukisikia jina lako na kiasi chako unajua pesa imefika. Mtu asidhani ni majigambo tu, kuna hoja nzito pale na ndiyo imenisumbua kwa wiki zote hizi.

Lakini bibi alikuwa ameuliza wako wapi.

## Benchi la nyuma

Tulikwenda kuwatembelea, mimi na mke wangu na mama shemasi mmoja. Hatukwenda kama kamati, tulikwenda tu na sukari na sabuni kama mtu anavyokwenda kwa watu.

Mama wa kwanza alitupokea vizuri, akatuwekea viti nje, ikapita nusu saa tunaongea habari ya maparachichi na bei ya mbolea. Hakusema kitu mpaka mama shemasi alipomuuliza moja kwa moja. Akajibu akiwa anaangalia chini. Aliahidi kwa imani, akasema, na ile siku alikuwa anamaanisha, alikuwa na mikungu shambani na alijua ataiuza. Mwezi uliofuata mjukuu akalazwa hospitali ya Makandana. Hela yote ikaenda kule. Akapata elfu tano akaitoa. Halafu kila Jumapili anasikia jina lake na kile kilichobaki.

"Mwanangu, mimi sidaiwi na mtu yeyote kijijini hapa," akaniambia. "Nadaiwa kanisani."

Sikuwa na la kujibu. Mke wangu akamshika mkono.

Mwingine yeye alishaanza kusali kwa jirani zetu Wamoravian, ambao kwa kweli huku Rungwe wapo tangu 1891 na makanisa yao hayako mbali na nyumba ya mtu yeyote. Hakuwa na hasira. Alisema kule hajulikani, anakaa, anaimba, anarudi. Wa tatu hakutaka kulizungumza, alisema tu miguu inamuuma. Inawezekana miguu inamuuma kweli. Sitaki kuweka kila mtu kwenye hoja yangu.

Kuna kitu kimoja kiligeuza mawazo yangu njiani tukirudi. Mama shemasi, ambaye ndiye aliyesimama kidete kwamba majina yasomwe, alikaa kimya mpaka tumefika barabara ya lami, halafu akasema, "Hawa ndo waliosomba mchanga."

Ilikuwa kweli. Jumamosi zile zote za ndoo za maji kichwani, walikuwa wao. Daftari halina safu ya ndoo.

## Maandiko ambayo kila upande ulikuja nayo

Tulipoomba swali la bibi lirudishwe kwenye kikao, watu walikuja wamejiandaa, na mi nawapenda Wabaptisti kwa hili, ukitaka kubadilisha hata saa ya ibada lazima ufungue Biblia.

Upande wa kusoma majina ulianza na Barnaba. Matendo sura ya 4, aliuza shamba akaleta fedha miguuni pa mitume, na Luka amemwandika kwa jina. Kama Roho Mtakatifu ameruhusu jina liandikwe, sisi ni nani tulifiche? Hoja nzuri. Ila mzee mmoja akaomba tusome na mistari inayofuata, tukaingia sura ya 5, Anania na Safira, wanauza kiwanja wanazuia sehemu ya thamani na kuleta iliyobaki kana kwamba ndiyo yote. Mzee akauliza, kwa nini walidanganya wakati Petro mwenyewe anawaambia mali ilikuwa yao, na hata baada ya kuuzwa ilikuwa chini ya uwezo wao? Hakuna aliyewalazimisha. Walitaka kuonekana kama Barnaba. Sijawahi kusoma sura hizo mbili kama habari moja mpaka siku ile, sura zimegawanywa basi na sisi tunasimama pale pale palipogawanywa.

Mwingine akaleta Hesabu 7, ile sura ndefu ya mistari 89 ambayo wengi tunairuka, wakuu 12 wa makabila wanaleta matoleo kwa siku 12 na kila mmoja ametajwa jina na alicholeta. Akasema mnaona, majina na kiasi, hadharani. Tukaisoma. Sahani ya fedha shekeli 130, bakuli la fedha shekeli 70, kijiko cha dhahabu shekeli 10. Halafu mkuu wa siku ya pili, sahani shekeli 130, bakuli shekeli 70, kijiko shekeli 10. Wa tatu hivyohivyo. Wote 12 wameleta kitu kilekile. Kanisa zima likaanza kuona. Majina yote yametajwa na hakuna mmoja aliye juu ya mwenzake. Na kwenye Kutoka 30 ile nusu shekeli ya kazi ya hema, imeandikwa tajiri asizidishe na maskini asipunguze.

Mimi nilikuja na mfalme Yoashi. Nyumba ya Bwana ilikuwa na mabomoko, makuhani walipewa kazi ya kukusanya fedha na kutengeneza, na kitabu cha pili cha Wafalme sura ya 12 kinasema mpaka mwaka wa 23 wa mfalme walikuwa hawajatengeneza. Miaka 23! Halafu Yehoyada kuhani akachukua kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko. Hiyo ndo ilikuwa dawa. Mtu anatumbukiza, fedha ikijaa wanakuja watu wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wanahesabu, wanaifunga mifukoni, wanawapa maseremala na waashi. Nyakati ya pili sura ya 24 inaongeza kwamba kasha liliwekwa nje mlangoni, na kwamba wakuu wote na watu wote walifurahi wakaleta. Neno walifurahi ndilo lililonishika. Hakuna jina hata moja la mtoaji kwenye habari ile, na nyumba ikasimama.

Kuna mtu akanibana hapohapo na nashukuru alinibana. Sura hiyohiyo ya Wafalme inasema wale waliopewa fedha ya kulipa mafundi hawakudaiwa hesabu kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Je, na sisi tuache kuweka hesabu? Maana ukiondoa kusoma majina umeondoa risiti ya mama aliyechangia kinanda na hakukiona.

Nilikaa chini kidogo nisijue niseme nini. Mchungaji ndiye aliyetoka na Paulo, 2 Wakorintho 8, mchango wa kwenda Yerusalemu, kwamba Paulo alituma ndugu waaminifu pamoja na fedha ili mtu asiwalaumu, akiangalia yaliyo mema mbele za Bwana na mbele za wanadamu pia. Kwa hiyo kuna mambo mawili na sisi tulikuwa tumeyachanganya. Mtoaji abaki na siri yake. Mtumiaji wa fedha hana siri.

Nilipoona hivyo kila kitu kikakaa sawa kichwani mwangu.

## Kura

Kura haikuwa ya kishindo. Ilipita kwa mikono michache na kuna wazee wazuri walipiga kura ya hapana, bado wako kanisani na bado tunakunywa chai pamoja. Tulichoamua ni hiki: majina na viasi havisomwi tena ibadani. Anayetoa anapewa risiti yake mkononi. Jumla ndiyo inayosomwa, na karatasi ya matumizi inabandikwa mlangoni kila mwezi, misumari kilo ngapi, mbao ngapi, fundi kalipwa nini, nani kasaini. Ahadi ambazo hazijamalizika zinabaki kati ya mtu na Mungu wake, hakuna wa kumpigia simu.

Hapo pa mwisho ndipo palipokuwa na ugomvi. Kuna ndugu alisema ahadi ni nadhiri na Mhubiri 5 inasema ukiweka nadhiri usikawie kuiondoa. Ni kweli imeandikwa. Lakini nadhiri imewekwa kwa Mungu, na mimi nimesoma sura ile mara nyingi sijaona mahali anapotajwa katibu.

Mi naamini hili ni suala la Kibaptisti kabisa, siyo tu suala la adabu. Thomas Helwys, mmoja wa Wabaptisti wa kwanza wa Uingereza, aliporudi London na kikundi chake kidogo mwaka 1612, alimwandikia Mfalme James wa Kwanza kwamba mfalme ni mwanadamu kama wengine na hana mamlaka juu ya roho za raia wake. Alitiwa gereza la Newgate na akafia humo. Watu wetu wa mwanzo walilipa gharama hiyo kwa ajili ya dhamiri ya mtu wa kawaida mbele za Mungu. Haiwezekani sisi warithi wao tuchukue kitu cha ndani namna ile, kile mtu alichoamua moyoni mwake kutoa, tukakiweka kwenye maikrofoni.

Na kikao chenyewe kinaharibika. Fikiria mama ambaye asubuhi amesomwa kwamba imebaki elfu arobaini na tano, mchana anaambiwa apige kura kuhusu bati. Atanyoosha mkono? Kura moja kwa kila mshiriki inataka watu wanaoweza kuangaliana usoni.

Mnada tumeuacha uendelee, na mi nauunga mkono. Mtu analeta mkungu wa ndizi, mwingine jogoo, mwingine debe la viazi, unapigwa mnada nje baada ya ibada, kuku ananunuliwa bei ambayo hajawahi kuiona kuku wa Rungwe, anarudishwa, anauzwa tena. Pale kuna kujionyesha kidogo, ndiyo, ila hakuna anayetoka ameumia, na aliyeleta kichane kimoja anafurahi sawa na aliyekinunua.

## Mtoni

Kuna jambo jingine la mwaka ule ambalo kwenye taarifa lilipewa mstari mmoja. Kamati ilikuwa na mpango wa kujenga birika la ubatizo ndani ya kanisa, nyuma ya mimbari, ramani ilishachorwa. Fedha haikutosha, likasogezwa mbele, wengine walisikitika sana. Tukaendelea na mto, kama walivyofanya waliotutangulia tangu wamisionari wa Southern Baptist wa Marekani walipoingia Tanganyika mwaka 1956 na watu wakaanza kubatizwa kwenye maji yoyote yaliyokuwepo.

Maji ya mto Kiwira asubuhi yanajua kukumbusha mtu kwamba amezikwa. Warumi 6 inaeleweka vizuri zaidi ukiwa umesimama pale. Waliobatizwa walikuwa wanafunzi wawili wa sekondari, mzee mmoja aliyemfuata mkewe baada ya miaka mingi ya kumsindikiza mpaka getini tu, na yule kijana wa bodaboda wa habari ya geji. Watu waliokuwa wanakwenda sokoni walisimama darajani. Mmoja aliuliza kwa sauti hawa ni akina nani, na wale akina mama wa kwetu wakamjibu kwa wimbo. Mchungaji anamshika mtu mkono, anataja jina lake la kwanza, anamzamisha, anamwinua. Jina linatajwa na hakuna kiasi kinachofuata nyuma yake.

Mi kwa kweli sina haraka na lile birika.

## Ilivyo sasa

Nisiwadanganye, jumla ya michango imeshuka. Wapo wenye uwezo waliokuwa wanatoa kiasi kikubwa na sasa wanatoa kidogo, sitaki kusema kwa nini, Mungu anawajua. Bahasha lakini zimekuwa nyingi. Mhazini anasema anapata bahasha zenye mia tano, zenye elfu moja, nyingine haina hata alama, na siku moja alikuta ina mbegu za maharage zimefungwa kwenye karatasi. Ziliuzwa, zikaandikwa.

Mama wa mjukuu amerudi. Anakaa na bibi. Aliyehamia kwa Wamoravian hajarudi na nadhani hatarudi, kwaya yao inampenda na ameshapewa kazi, tunasalimiana vizuri sokoni. Yule wa miguu tunaendelea kumtembelea.

Dari bado. Paa halivuji ila mvua ikipiga juu ya bati tupu bado mchungaji ananyamaza, na sasa kuna sauti ndani ya kamati zinazosema turudishe majina kwa miezi mitatu tu, tumalize dari, halafu tuyaondoe tena. Hoja yao ni kwamba watoto hawasikii mafundisho na hilo ni kweli, hawasikii.

Kikao ni mwezi ujao na hoja yangu naipeleka kwa maandishi. Dari ianze upande wa watoto peke yake, kwa fedha iliyopo, hata ikiwa ni vipande vinne. Kasha liwekwe mlangoni, lenye kufuli mbili na watu wawili tofauti wenye funguo, mmoja atoke kwa akina mama. Siku za kujitolea ziandikwe kwenye taarifa ya mwaka, mchanga, maji, mbao zilizobebwa, kwa jumla yake, maana nayo ni sadaka. Na taarifa ya mwaka ujao iwe na sehemu mpya kabla ya ile ya mapato, inayoeleza ni washiriki gani hatujawaona, nani amekwenda kuwatembelea, na wamesema nini. Hiyo sehemu isomwe kwenye kikao cha mashemasi tu, kwa majina, polepole, mpaka mwisho.